Vibao vya kale vya maiolika vyenye picha za watakatifu: namna ya kuvikagua, kuvinunua na kuvitunza

Katika miji ya Romagna, kaskazini mwa Italia, nyumba nyingi za zamani zina kibao kidogo cha udongo juu ya mlango. Pale Faenza utamwona Bikira Maria ameshika mishale iliyovunjika. Pale Forlì utamwona yeye na Mtoto, jua upande mmoja na mwezi upande mwingine. Kwenye mazizi ya vijijini yuko Mtakatifu Antoni Abate na nguruwe wake. Waitalia wenyewe huviita targhe devozionali, yaani vibao vya ibada. Viliwekwa ukutani, kwenye nguzo za njia panda na hata kwenye mashina ya miti, ili nyumba na wanyama wakingwe na tauni, moto, radi na tetemeko.

Vingi vimeshatoka ukutani na sasa vinauzwa minadani, kwenye masoko ya vitu vya kale na mtandaoni. Mwongozo huu nimeuandika kwa yeyote anayetaka kimoja cha kweli: mkusanyaji anayeanza, padri au mtawa anayesoma Roma aliyekutana nacho sokoni Jumapili, au mtu aliyeachiwa kimoja na jamaa na hajui ni kitu gani. Nitagusa pia sahani, mitungi ya dawa na vibakuli vya maji ya baraka, maana udongo ni ule ule na ukaguzi ni ule ule.

Jua kwanza kilivyotengenezwa

Usiruke sehemu hii. Karibu kila dalili ya uhalali au ughushi inatokana na jinsi kazi ilivyofanyika.

Maiolika ni udongo wa kawaida wa mfinyanzi uliofunikwa utando mweupe wa kioo wenye risasi na bati. Fundi alifinyanga chombo, akakikausha, akakichoma mara ya kwanza kwenye joto la karibu nyuzi 1000 za Selsiasi. Kisha alikichovya katika uji wa madini hayo yaliyosagwa. Ule uji ukikauka hubaki unga mweupe juu ya udongo, na juu ya unga huo ndipo alipochora kabla ya kukirudisha tanurini. Unga hunyonya rangi mara brashi inapogusa. Hakuna kufuta wala kurudia. Ndiyo maana mkono wa fundi aliyezoea una kasi: mkunjo wa joho unaanza mnene na kuishia mwembamba kwa mpigo mmoja. Anayenakili kazi ya mwingine huenda polepole akihofia kukosea, na mstari wake hutetemeka au huwa na unene uleule mwanzo hadi mwisho. Cipriano Piccolpasso wa Castel Durante aliieleza kazi yote hii kwa maneno na michoro yapata mwaka 1557, kuanzia kuchimba udongo hadi kuwasha tanuri, na hati yake inatunzwa katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London.

Utando huu mweupe haukuanzia Italia. Mafundi wa Iraki ya Abbasi waliutumia katika karne ya 9, ukapita Hispania ya Waislamu, ndipo ukafika kwa Waitalia. Vipande vya vyombo hivyo vya Iraki vimechimbuliwa pia Manda na Shanga, kwenye visiwa vya Lamu. Kwa hiyo msomaji wa pwani anayeshika sahani ya Faenza anashika mjukuu wa vyombo vilivyopakuliwa jahazini kwao zaidi ya miaka elfu moja iliyopita.

Rangi zilikuwa chache kwa sababu chache ndizo zilizostahimili moto: buluu ya kobalti, kijani cha shaba, zambarau na kahawia za manganizi, manjano ya antimoni, rangi ya chungwa ya chuma. Nyekundu iliwatesa mafundi kwelikweli. Kwa hiyo ukiona kibao kinachodaiwa kuwa cha karne ya 17 na joho la Bikira Maria ni jekundu la kuwaka, simama hapo hapo uulize. Kuna nyekundu moja mashuhuri, ule mng'ao wa metali wenye rangi ya rubi uliotoka Gubbio katika karakana ya Maestro Giorgio Andreoli miaka ya 1520. Huo ulipatikana kwa kuchoma mara ya tatu ndani ya moshi. Ukiugeuza kwenye mwanga hubadilika rangi. Hauwi mwekundu mfululizo kama rangi ya kopo.

Hatua ya 1: geuza, tazama mgongo

Wauzaji wa mtandaoni hupiga picha tano za uso na hata moja ya mgongo hawapigi. Omba picha ya mgongo kabla ya kuuliza bei. Asiyetaka kuituma, mwache.

Kwenye kibao cha kale mgongo kwa kawaida umeachwa mtupu, bila utando. Utaona rangi ya udongo wenyewe: ya maziwa, ya waridi iliyopauka au nyekundu, kutegemea mji. Tafuta alama za vidole vya mtu aliyeukandamiza udongo ndani ya kalibu, mikwaruzo ya kipande cha mti alichosawazishia, na unene usiolingana toka kona hadi kona. Kigae kilichobanwa kwa mashine huwa sawasawa kila mahali, na mara nyingi mgongo wake una mistari ya kushikia saruji. Hicho ni cha zama za viwanda hata kama uso wake umepakwa masizi.

Sasa chunguza tundu la msumari. Fundi alilitoboa udongo ukiwa bado mbichi, kwa hiyo kingo zake ni laini, na utando mweupe umetiririka kidogo ndani yake kabla ya kuchomwa. Tundu lililotobolewa baadaye kwa keekee lina kingo zilizobanduka na ndani linaonyesha udongo mkavu mtupu. Hilo peke yake halikifanyi kibao kuwa bandia, kwani wamiliki wa baadaye walitoboa ili kutundika, lakini linakuambia kwamba alipokitengeneza fundi hakukusudia kining'inie hapo.

Chokaa iliyobaki mgongoni ina habari zake. Ikiwa ngumu, ya kijivu iliyofifia, na vumbi limejaa kwenye vitundu vyake, kibao kimetoka ukutani siku nyingi. Ikiwa nyeupe na safi, na kingo za kibao zimevunjika upya, basi mtu ameking'oa juzi. Mimi kibao cha namna hiyo sikigusi, hata kiwe kizuri namna gani na bei iwe ya bure. Kuna nyumba au njia panda mahali fulani yenye pengo, na watu waliokuwa wakiwasha mshumaa pale.

Kibandiko cha karatasi cha zamani au namba iliyoandikwa kwa wino visiondolewe. Huenda ndiyo njia pekee ya kufuatilia kibao kilipitia mikono ya nani.

Hatua ya 2: uso chini ya kioo cha kukuzia

Kioo kinachokuza mara kumi kinatosha. Ukiona rangi imeundwa kwa nukta ndogo zilizopangwa kwa mistari, picha ilichapwa na mashine. Ukiona alama za nywele za brashi, na rangi imezama ndani ya utando badala ya kukaa juu yake, imechorwa kwa mkono na kuchomwa.

Utando wa kale una vitundu vidogo kama vya sindano, mahali ulipojikusanya mnene karibu na ukingo wa chini, na mahali ulipokataa kushika ukaacha udongo wazi. Kwenye kingo huwa umebanduka vipande vipande, na pale palipobanduka udongo umeshakuwa mweusi kwa uchafu wa miaka. Mbanduko wenye udongo msafi ni wa hivi karibuni. Mtandao wa nyufa nyembamba haumaanishi chochote peke yake. Waghushi wanajua kuufanya na kuupaka chai.

Uchakavu ufuate akili. Vibao vingi vya Romagna vina picha iliyoinuka iliyotolewa kwenye kalibu, kwa hiyo pua, paji la uso na magoti ya Mtoto ndiyo yanayoanza kulika, na mashimo ya mikunjo ya nguo hubaki na rangi yake. Uchakavu ukiwa umeenea kila mahali sawasawa, hata mashimoni, umetiwa kwa msasa. Uso wa Bikira Maria uliofifia umbo huku rangi yake ikiwa nzima una sababu nyingine: kalibu ilikuwa imechoka kwa kutumiwa mara nyingi. Hilo ni jambo la kawaida kabisa na wala si kasoro.

Halafu zima taa uwashe tochi ya urujuanimno, ile ya kukagulia noti bandia. Rangi na gundi za matengenezo ya baadaye mara nyingi hung'aa tofauti na utando wa asili, na kidole ambacho Mtoto alipoteza miaka mingi iliyopita kitajitokeza mbele yako. Sahani unaweza pia kuiinua juu ya ncha za vidole na kuigonga ukingoni kwa ukucha: nzima hulia, yenye ufa hutoa sauti ya mbao.

Hatua ya 3: mtambue aliyechorwa

Hapa ndipo penye utamu, na hapa ndipo mtu aliyelelewa katika Ukatoliki anawashinda wafanyabiashara wengi. Maandishi mara nyingi yamefutika. Alama za mtakatifu zinabaki.

Bikira Maria mwenye mishale iliyovunjika ni Mama wa Neema wa Faenza. Ibada yake inahusishwa na tauni ya mwaka 1412, na mishale ni ghadhabu ya Mungu iliyovunjwa kwa maombezi yake. Kibao chenye picha hiyo kina kila sababu ya kuwa kimetoka Faenza au vijiji vyake. Yule mwenye jua na mwezi, akizungukwa na watakatifu wadogo wadogo, ni Mama wa Moto wa Forlì: picha iliyochapwa kwenye karatasi ambayo, usiku wa Februari 4, 1428, nyumba iliyokuwa na shule iliungua na yenyewe haikuungua. Huyo utampata juu ya milango ya nyumba kwa sababu alikinga na moto. Maria aliyevaa joho la umbo la kengele lililofunika mikono, au aliyeketi juu ya nyumba inayobebwa na malaika, ni wa Loreto.

Kwa watakatifu, anza na kile walichoshika au kilicho miguuni pao. Roko anaonyesha kidonda pajani na ana mbwa mwenye mkate. Sebastiani amechomwa mishale. Wote wawili ni wa tauni. Barbara ana mnara na alikinga na radi. Lusia amebeba macho kwenye kisahani. Katarina wa Aleksandria ana gurudumu, Jerome ana simba, Fransisko anapokea madonda kutoka kwa serafi mwenye mabawa. Antoni wapo wawili na wauzaji huwachanganya kila siku: wa Padua ni kijana mwenye yungiyungi na Mtoto Yesu, na Abate ni mzee wa ndevu, fimbo yenye umbo la T, moto na nguruwe. Askofu anayeinua mkono kuzuia kuta zinazoanguka ni Emidio wa Ascoli Piceno, mlinzi dhidi ya matetemeko, ambaye ibada yake ilienea sana baada ya matetemeko ya mwaka 1703 katika Italia ya kati. Herufi IHS ndani ya jua lenye miale zilienezwa na Bernardino wa Siena aliyefariki mwaka 1444, na zimejaa kwenye sahani za konventi.

Mtakatifu anakupa mahali na shida iliyowasumbua watu wa pale. Muuzaji akikuambia kibao cha Mama wa Moto kinatoka Sisilia, ama hajui anachouza au anakisia.

Hatua ya 4: mji

Deruta, katika mkoa wa Umbria, ilijulikana katika karne ya 16 kwa sahani kubwa za maonyesho zenye mng'ao wa dhahabu, na Fransisko akipokea madonda ni miongoni mwa picha zilizopendwa. Karibu nayo kuna hekalu la Madonna dei Bagni. Mwaka 1657 mchuuzi aitwaye Cristoforo alipachika kwenye mwaloni kipande cha kikombe kilichovunjika chenye sura ya Maria na Mtoto, akamwombea mkewe aliyekuwa mgonjwa, na aliporudi nyumbani alimkuta amepona. Tangu hapo watu walileta vigae vya shukrani, na leo kuta za ndani zimejaa mamia yake: mtu anaanguka mtini, mwingine anakanyagwa na gari la ng'ombe, mwingine yumo kisimani, na kwenye kona ya juu Maria anatazama kutoka katikati ya matawi. Herufi PGR juu yake maana yake ni neema imepokelewa. Kwangu mimi hakuna maiolika inayosema mengi kuhusu maisha ya watu wa kawaida kuliko hiyo.

Castelli, kijiji cha milimani katika mkoa wa Abruzzo, kilitoa katika karne ya 17 na ya 18 vibao vyembamba vilivyochorwa kwa ustadi wa mchora turubai, hasa katika familia za Grue na Gentili: kijani cha zeituni, manjano laini, kahawia ya manganizi, buluu iliyopauka. Dari la kanisa la San Donato pale limefunikwa vigae vya miaka ya 1615 hadi 1617. Urbino na Castel Durante zilifanya sahani zinazosimulia hadithi nzima za Biblia, mara nyingi zikifuata michoro ya kuchapwa iliyotokana na kazi za mchoraji Raphael. Ukipata mchoro wenyewe uliofuatwa, umepata msaada mkubwa wa kukadiria umri, kwani sahani haiwezi kuwa na umri mkubwa kuliko karatasi iliyoigwa.

Loreto ina kitu cha pekee: vibakuli vidogo walivyonunua mahujaji, vilivyoandikwa kwa ufupisho kwamba udongo wake ulichanganywa na vumbi la Nyumba Takatifu, ile inayoaminika kuwa ya Maria na kubebwa na malaika. Wagonjwa walivinywea.

Hatua ya 5: nakala za karne ya 19

Baada ya 1850 hivi Ulaya ilishikwa na hamu ya vitu vya Renaissance, yaani vya karne ya 15 na ya 16, na viwanda vya Italia viliijibu. Ginori wa Doccia, karibu na Florence, Minghetti wa Bologna, Rubboli wa Gualdo Tadino na Cantagalli wa Florence walifanya nakala bora kabisa. Cantagalli, chini ya Ulisse Cantagalli kuanzia 1878, ana alama ya jogoo mgongoni. Tafuta jogoo huyo kwa makini hasa kwenye picha za Madonna nyeupe juu ya buluu zinazouzwa kwa jina la della Robbia. Luca della Robbia, mchongaji wa Florence, alifariki mwaka 1482, na karibu kila kitu kinachoitwa jina lake sokoni leo kilifanyika miaka mia nne baadaye. Alama hizi pia zimewahi kusuguliwa na walaghai; duara lililokwaruzwa mahali ambapo alama ingekaa ni ushahidi tosha.

Nakala ya namna hii ni kazi ya mkono yenye thamani yake. Ilipiwe kama nakala, basi.

Kwa kitu cha bei kubwa kuna kipimo cha thamoluminesensi. Maabara hutoboa unga kidogo mahali pasipoonekana na kupima nishati iliyojikusanya ndani ya chembe za madini tangu kuchomwa mara ya mwisho. Hakitakupa mwaka, ila kitatenganisha 1550 na 1880 bila shida. Omba unga utolewe sehemu mbili tofauti, maana wapo waliounga mgongo wa kale na uso mpya.

Hatua ya 6: karatasi kabla ya fedha

Hekalu la Madonna dei Bagni liliibiwa vigae vingi mwaka 1980. Makanisa ya vijijini yameibiwa pia. Kwa hiyo, ukiona kigae chenye PGR sokoni, weka mkono mfukoni kwanza. Kikosi cha Carabinieri, polisi wa Italia, cha kulinda urithi wa utamaduni, kilichoundwa mwaka 1969, kina hifadhidata ya vitu vilivyoibwa ambayo mtu yeyote anaweza kuitafuta mtandaoni kwa picha na maelezo. Itafute kabla ya kulipa, kisha hifadhi matokeo.

Kutoa kitu Italia kuna sheria yake, ile ya mwaka 2004 namba 42 na mabadiliko ya 2017. Kazi yenye zaidi ya miaka 70 ambayo mwenye kuitengeneza ameshafariki inapita ofisi ya usafirishaji ya wizara ya utamaduni. Ikiwa thamani yake haizidi euro 13,500 kwa kawaida unawasilisha tamko pamoja na picha. Ikizidi, unahitaji kibali cha kuiruhusu itoke. Muuzaji mzuri hufanya kazi hiyo mwenyewe. Anayekwambia uifunge ndani ya nguo kwenye sanduku anakutia matatani wewe, si yeye.

Risiti iandike: mji unaodhaniwa, karne, kilichotengenezwa upya, na jina la aliyekimiliki kabla kama linajulikana. Neno "mtindo wa Faenza" halina maana moja na "Faenza".

Kuhusu kuchagua, mimi ningependa kibao cha kijijini kilichovunjika kona na kuachwa hivyo kuliko sahani nzima iliyopakwa upya nusu yake. Mvunjiko ulio wazi hauna siri, na bei yake humfikia mtu wa kipato cha kawaida.

Hatua ya 7: nyumbani

Usikiloweke kamwe. Udongo huu hunywa maji, na pamoja na maji huvuta chumvi. Udongo ukikauka, chumvi hujitokeza na kusukuma utando hadi unabanduka. Kwa anayeishi Mombasa, Tanga au Unguja jambo hili ni la kila siku, hivyo usikitundike kwenye ukuta unaotoa unyevu wala dirishani pa upepo wa bahari. Vumbi liondolewe kwa brashi laini ya nywele. Uso ambao haujabanduka unaweza kuupitisha pamba iliyoloa kidogo maji yaliyochemshwa na mvuke wake kukusanywa, kisha ukaufuta papo hapo. Dawa ya kung'arisha nguo, siki na limau ni marufuku, na gundi ya dukani pia. Kipande kikitoka kifunge kwenye karatasi laini mpaka umpate fundi wa kuhifadhi vitu vya kale.

Sahani zisitumiwe kulia chakula, hasa cha ndimu au nyanya, kwa sababu ya risasi iliyomo kwenye utando.

Vile vibanio vya waya wenye springi vinavyokaza ukingo huvunja utando taratibu. Kibao kizito kikalishe juu ya vishikizo viwili vya shaba vilivyofunikwa kitambaa au ngozi, na kimoja juu cha kukizuia kisianguke mbele. Tundu la zamani usilibebeshe uzito wote. Kwenye ndege kibebe mkononi, kimesimama wima katikati ya sponji nene, na karatasi za ofisi ya usafirishaji ziwe mfukoni mwako badala ya kuwa ndani ya kifurushi.